Siha ya Nyumba: Jua na Uzazi



Mwezi uliopita tulizungumza khabari ya maji ya kunywa na namna ya kuyahifadhi nyumbani. Mwezi huu tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni uzazi. Na pamoja nalo jambo jingine ambalo watu hawalitaji kabisa kwa kuwa wanalo kila siku juu ya vichwa vyao, nalo ni jua. Huenda msomaji akastaajabu akauliza: jua lina uhusiano gani na tumbo la mwanamke au mbegu ya mwanamume? Twamwomba asubiri na asome mpaka mwisho, kwani katika mlango huu mna kweli iliyothubutu, mna jambo ambalo bado linachunguzwa, na mna maneno ya kuuzia dawa. Mafungu haya matatu yamechanganyika katika vinywa vya watu, na kazi yetu leo ni kuyatenga, kila moja tuliweke mahali pake.

Siku hizi vidonge vya vitamini D vimejaa madukani, na katika simu za mikononi hutangazwa kuwa ni dawa ya utasa. Mke aliyekaa na mumewe miaka mitatu bila ya kupata mtoto huyasikia matangazo hayo. Mawifi wanamsema, mama mkwe amenyamaza, na kimya chake ni kizito kuliko maneno. Basi mke huyo huchukua akiba yake ya upatu akanunua chupa moja, kisha ya pili na ya tatu, na mumewe hajaulizwa hata swali moja. Mwaka hupita, chupa hazikuleta kitu, na mwanamke ambaye hajapimwa na tabibu yeyote akaitwa tasa. Hatari ya jambo hili, basi, si hasara ya fedha peke yake. Ni ndoa kuvunjika kwa sababu isiyojulikana, na ni dhulma kwa mtu aliyehukumiwa bila ya ushahidi.

Tuanze na vitamini yenyewe. Vitamini ni vitu ambavyo mwili wavihitaji kwa kadiri ndogo mno, lakini ukivikosa huingia maradhi. Nyingi katika hizo hupatikana kwa chakula tu. Ama vitamini D, mwili wenyewe huweza kuitengeneza. Miali ya jua isiyoonekana kwa macho ipigapo ngozi, hugeuza kitu kimoja cha jamii ya mafuta kilichomo ndani ya ngozi kikawa vitamini D. Hiyo huchukuliwa na damu mpaka katika ini ikageuzwa mara ya kwanza, kisha katika mafigo ikageuzwa mara ya pili, na hapo ndipo inapokuwa tayari kufanya kazi. Na kazi yake kubwa ni kuyasaidia matumbo kuchukua kalsiamu, yaani chokaa iliyomo katika chakula, na kuiingiza katika damu ili ijenge mifupa. Mtu aweza kunywa maziwa kila siku, lakini akikosa vitamini D sehemu kubwa ya chokaa ya maziwa yale humpita tu, kama mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe mlango.

Ilimu hii si ya zamani sana. Mwaka 1919 tabibu mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwatibu watoto wenye matege kwa taa yenye miali kama ile ya jua, na mifupa yao ikapata nguvu. Mwaka huo huo Edward Mellanby wa Uingereza alionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokuwa wakipatwa na matege kwa ajili ya chakula dhaifu huweza kukingwa kwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenziwe katika Marekani walibainisha kwamba kinachokinga matege ndani ya mafuta yale ni vitamini ya peke yake, nayo ikapewa herufi D.

Sasa tuje katika fungu la kwanza, nalo ni la kweli iliyothubutu. Vitamini D huingia katika uzazi kwa mlango wa mifupa. Mtoto wa kike akiikosa katika udogo wake, mifupa yake huwa laini, miguu huingia matege, na nyonga, ambayo ndiyo njia atakayopita mtoto siku ya kuzaliwa, huweza kubonyea ikawa nyembamba. Msichana huyo atakua, ataolewa, atashika mimba kama wenziwe. Lakini siku ya uchungu kichwa cha mtoto kitakosa pa kupita. Zamani, kabla ya ilimu ya upasuaji kutengenea, wengi katika hao walikufa, wao na watoto wao.

Katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi wa makaa ulilifunika jua na watoto walilelewa katika vichochoro vyembamba, matege yalikuwa maradhi ya kila mtaa. Mji wa Glasgow katika Uskoti ulijulikana sana kwa jambo hili. Huko ndiko mwaka 1888 tabibu Murdoch Cameron alipompasua mwanamke mfupi ambaye nyonga yake imeharibika kwa matege, na mama na mtoto wakapona wote wawili. Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya nchi za moshi tu. Kathleen Vaughan, tabibu wa Kiingereza aliyefanya kazi Srinagar katika Kashmir, alitoa kitabu mwaka 1928 akaeleza aliyoyaona katika kazi yake: wanawake wa mashamba na wa mashua, wenye kushinda nje wakifanya kazi, walizaa kwa wepesi, na mabibi waliofungiwa ndani ya nyumba, jua lisiwafikie, walipatwa na ulaini wa mifupa wakaona shida kubwa katika kuzaa. Jua la Kashmir lilikuwa moja. Waliotofautiana ni waliolipata na waliolikosa.

Hapa pana neno la kumwambia kila mzazi: uzazi wa binti yako hauanzi siku ya arusi yake, bali huanza katika miaka ile anayocheza uani. Tena kuna sharti la pili, kwani jua peke yake halitoshi ikiwa chakula hakina kalsiamu. Nigeria ni nchi yenye jua tele, na huko pia matabibu walikuta watoto wenye matege. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto hao walipona vizuri zaidi walipopewa kalsiamu kuliko walipopewa vitamini D peke yake. Basi maziwa, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani kama sukuma wiki, hivyo ndivyo wenziwe jua. Kimoja hakijitoshi bila ya kingine.

Fungu la pili ni la mambo ambayo bado yanachunguzwa, nalo ndilo linalohusu kushika mimba kwenyewe. Wataalamu wamegundua kwamba ndani ya mwili mna vipokezi vya vitamini D, yaani mahali ambapo vitamini hiyo hushika ili ifanye kazi, na vipokezi hivyo havimo katika matumbo na mifupa tu. Vimo katika vifuko vya mayai ya mwanamke, katika tumbo la uzazi, katika kondo la nyuma, katika korodani za mwanamume, na hata katika mbegu za kiume zenyewe. Jambo hili ndilo lililowafanya wataalamu waulize: je, mwenye kuikosa vitamini hii hupungukiwa na uzazi?

Walianza kwa wanyama. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Wisconsin katika Marekani, Halloran na DeLuca, walitoa khabari ya panya wa kike walionyimwa vitamini D: uzazi wao ulipungua kwa kadiri ya robo tatu. Baadaye ikaonekana kwamba panya wa kiume nao hupungukiwa. Ukiishia hapo utasema kweli imekwisha patikana. Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 1992 DeLuca na wenziwe walionyesha kwamba panya wa kiume walionyimwa vitamini D, kalsiamu ya damu yao ikirudishwa katika kiasi chake kwa chakula, uzazi wao hurudi, ijapokuwa vitamini yenyewe hawakupewa. Maana yake ni kwamba kwa panya wale, vitamini D ilikuwa mpagazi, na mzigo uliotakiwa ulikuwa kalsiamu.

Ama kwa wanaadamu, uchunguzi mwingi umekuta kiasi kidogo cha vitamini D katika damu za wenye shida ya kupata mtoto. Lakini kukutana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Jogoo awika na alfajiri yaingia, wala hapana mwenye akili asemaye kuwa jogoo ndiye aliyeileta alfajiri. Mtu mnene sana, kwa mfano, huwa na vitamini D kidogo katika damu yake. Na unene huo huo huweza kuivuruga hedhi ya mwanamke na kuzipunguza mbegu za mwanamume. Na mgonjwa ashindaye ndani hulikosa jua kwa sababu ya ugonjwa wake. Je, tuseme ni vitamini iliyowazuilia mtoto, au ni lile jambo jingine?

Njia ya kuhakikisha ni moja: kuwachukua watu wengi, kuwagawa kwa kura mafungu mawili, hawa wapewe vitamini na wale wapewe kidonge kisicho na kitu, wala pasiwe na mtu ajuaye amepewa kipi mpaka mwisho. Jambo hili limefanywa. Katika Denmark walichaguliwa wanaume 330 wenye shida ya uzazi na upungufu wa vitamini D, na matokeo yalitolewa mwaka 2018: manii ya waliopewa vitamini D pamoja na kalsiamu hayakuwa bora kuliko ya wenziwao. Kwa wale waliokuwa na mbegu chache, ilionekana kwamba waliopewa vitamini walipata watoto zaidi. Lakini hilo ni fungu dogo ndani ya uchunguzi, nalo lataka kuthubutishwa kwa uchunguzi mwingine. Katika Italia walichukuliwa wanawake 630 waliokuwa wakitibiwa kwa njia ya kutungishiwa mimba nje ya mwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2021: waliopewa vitamini D, dozi moja kubwa, walishika mimba 37 katika kila 100, na waliopewa kidonge kitupu walishika mimba 40 katika kila 100. Vitamini haikuwazidishia kitu.

Basi neno la insafu katika fungu hili ni hili: asiyekuwa na vitamini D ya kutosha na aitafute, kwani ni haki ya mwili wake, na mifupa yake yaihitaji. Lakini haikuthubutu kwamba kuongeza vitamini D humpa mtoto mtu ambaye hakuwa akipata.

Na hapo tumefika fungu la tatu, la maneno ya kuuzia dawa. Muuzaji huchukua ile khabari ya panya akaiacha ile ya wanadamu. Huchukua nusu ya kweli akaifunga katika chupa. Na hasara kubwa anayoileta ni wakati, kwani mwanamke anayesubiri kidonge kifanye kazi hupitwa na miaka ambayo ingemfaa kwa matibabu ya haki.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na shida ya uzazi katika maisha yake. Sababu zake ni nyingi. Kwa mwanamke huenda mirija ya uzazi imezibwa na maradhi ya kuambukizwa yaliyopita bila ya kutibiwa, na jambo hili ni kubwa katika Afrika yetu. Huenda mayai hayapevuki kila mwezi. Huenda mna uvimbe katika tumbo la uzazi. Kwa mwanamume huenda mbegu ni chache, au dhaifu, au hazipo kabisa. Na kwa kadiri ya nusu ya wenye shida hii, mume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Nguvu za kiume si dalili ya uzazi: mume aweza kuwa na afya njema na nguvu kamili, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Yeye hawezi kulijua hilo kwa kujitazama, wala mkewe hawezi kulijua. Hujulikana kwa kupimwa.

Kipimo cha manii ni chepesi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mwanamke, hakina kisu wala maumivu. Kwa hiyo mume na mke waliokaa miezi 12 bila ya kinga wala safari ndefu za kutengana, na mimba haikushika, na waende kwa tabibu wote wawili, siku moja, mlango mmoja. Na ikiwa mke ametimiza miaka 35, wasingoje mwaka. Miezi 6 yatosha. Mwanamume amwachaye mke wake kwa tuhuma ya utasa kabla ya kupimwa yeye mwenyewe, hukumu yake haina shahidi.

Sasa tuseme machache ya kufanya nyumbani. La kwanza ni jua lenyewe. Sisi walimu wa madrasa tumezoea kuvitazama vivuli kwa kujua nyakati za sala, na kivuli hicho hicho hufaa hapa. Simama juani: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, miali ya kutengeneza vitamini D ina nguvu, kikiwa kirefu kuliko kimo chako, miali hiyo ni kidogo. Katika pwani yetu wakati huo huwa takriban tangu saa tatu ya asubuhi mpaka saa tisa ya mchana. Jua la macheo na la magharibi ni zuri kwa matembezi, lakini kwa kazi hii ni dhaifu. Na jua lililopita katika kioo cha dirisha halifai, kwa kuwa kioo huizuia miali hiyo. Ngozi nyeusi hukingwa vyema na jua, na kwa sababu hiyo hiyo huhitaji muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe. Lakini mtu asikae hata ngozi ikaungua. Na wenye ualbino wajikinge na jua daima, vitamini yao waitafute kwa chakula na kwa shauri la tabibu.

Wala haya hayana ugomvi na stara. Stara ni kwa macho ya watu wasiohusika, si kwa jua. Mwanamke aliye uani kwake, kati ya watu wake, akianika nguo au akichambua mchele, aweza kuiacha wazi mikono yake na uso wake jua limpate. Taabu ni za nyumba za siku hizi za ghorofa zisizo na uani. Na hapo ni juu ya mume na jamaa kumtafutia mke mahali, darini au kwengineko, palipositirika na penye jua. Katika nchi za Ghuba, ambako wengi wetu wana jamaa, jua ni kali, na juu ya hayo uchunguzi umekuta upungufu mwingi wa vitamini hii, kwa kuwa joto huwafungia watu ndani na nguo huwafunika wakitoka. Nao walioko Uingereza wajue kwamba tangu Oktoba mpaka Machi jua la huko halina nguvu ya kutosha kwa kazi hii. Na serikali ya huko tangu mwaka 2016 huwashauri watu watumie maikrogramu 10, yaani yuniti 400, kila siku wakati huo wa baridi.

La pili ni chakula. Samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini vina vitamini D. Lakini mwenye mimba asizidishe maini wala mafuta ya ini la samaki, kwa sababu yana vitamini A nyingi, na hiyo ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinachothubutu kumfaa mwanamke kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya mwanzo ni asidi ya foliki, maikrogramu 400 kila siku, kwani humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Kidonge hicho si ghali, nacho hutajwa kidogo kuliko kinavyostahili.

La tatu ni kipimo. Wataalamu wa Marekani mwaka 2010 walikadiria kwamba mtu mzima, na mwenye mimba pia, huhitaji yuniti 600 za vitamini D kwa siku, na wakaonya asivuke yuniti 4,000 bila ya usimamizi wa tabibu. Vitamini hii hukaa mwilini. Ikizidi sana huipandisha kalsiamu katika damu, ikaleta kutapika, mawe ya mafigo na hata kuharibika mafigo yenyewe. Basi anayemeza vidonge vikubwa kila siku kwa kutaraji mtoto huenda akajitia maradhi ambayo hakuwa nayo.

La nne ni mtoto aliyezaliwa. Maziwa ya mama hayana mfano kwa lishe ya mtoto, wala asiachishwe. Lakini vitamini D ndani yake ni kidogo, na ni kidogo zaidi ikiwa mama naye hanayo. Mama na aulize kliniki kama mtoto wake ahitaji matone, khasa ikiwa wote wawili hushinda ndani.

Ndugu zangu, mtoto ni neema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, naye humpa amtakaye. Kwa hiyo asiyepewa hana aibu, wala haifai kufanywa mkosaji katika nyumba yake. Lililo juu yetu ni kushika sababu zilizo za haki: binti apate jua na maziwa tangu utoto, mume na mke wapimwe pamoja, na fedha ya nyumba isipotee kwa maneno ya chupa.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya macho ya watoto wetu wa chuoni. Wabillahi tawfiq.